Folio ya Arobaini na Saba

Mimi ndiye mwenye funguo za masijala,
Halmashauri, Nansio, chumba cha nyuma karibu na tangi la maji.
Majalada elfu na ushee yananijua kwa mkono:
la mwalimu aliyehamishiwa Ukara akiwa na mimba,
la dereva aliyefariki, bado linaletewa barua,
na langu, Kwandu Masalu, pembe zimechakaa,
folio arobaini na sita, ya mwisho ruhusa ya msiba.

Usiku nilikuwa mwanafunzi.
Chuo hakikuwa na lango wala kengele.
Kilikaa ndani ya kompyuta ya mkopo wa SACCOS,
kikifunguka saa tano, vifurushi vikishuka bei,
nami nje, juu ya jiwe,
maana ndani ya nyumba mtandao unagoma.
Vijidudu vya ziwani vilikuja wingu zima
vikajibandika usoni mwa mhadhiri.
Nikamfuta kwa ncha ya kanga, naye akaendelea
kuifafanua dhana ya uwajibikaji,
shavuni amebakiwa na bawa moja.

Mtihani wa pili, kamera ikawashwa,
sauti ikaniamuru nionyeshe chumba chote.
Nikaonyesha kitanda, chandarua, gunia la udaga,
mwanangu Shija amelala mdomo wazi.
"Nani huyo?"
Nikasema ni mtoto, hajui sera za umma.
Swali la nne umeme ukakatika, na mnara nao.
Kesho yake niliomba radhi kwa lugha ninayoijua:
Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mhasibu alicheka mpaka akashika meza:
"Shahada ya simu! Na joho watakurushia kwa Whatsapp?"
Afisa utumishi, kijana niliyempokea mimi
na kumwonyesha choo kilipo, hakucheka.
Yeye anausoma muundo wa utumishi. Anajua
kwamba bila karatasi ile daraja langu ni dari.

Tasnifu yangu haikuwa na makuu.
Iliuliza: jalada la muuguzi Nyanjura Magesa lilikwenda wapi
miaka minne, naye akivuka Mwanza kila mwezi
kufuatilia kiinua mgongo,
akirudi na kipande cha tiketi tu?
Nililikuta Idara ya Uvuvi, chini ya kabati,
limeshikilia mguu uliovunjika.
Nikaliandika hilo, sura ya nne.
Msimamizi akajibu: punguza hisia.
Nikapunguza.
Kisha nikazishusha rafu zote, nikapanga upya,
Jumamosi tatu, bila posho.

Cheti kilipofika, kilifika kwenye barua pepe.
Nikakichapa dukani kwa Manumbu, shilingi mia tano kwa rangi.
Jumatatu nikalifungua jalada langu,
nikatoboa matundu mawili,
nikagonga muhuri IMEPOKELEWA,
nikasaini kama mtoaji, nikasaini kama mpokeaji,
nikaandika kwa wino mwekundu: 47.

Mtumishi habebi jalada lake mwenyewe.
Nikampa mhudumu, nikasikiliza kandambili zake
zikipiga koridoni mpaka kwa Mkurugenzi.
Lilirudi siku ya kumi na tisa, na mwandiko wa kulala:
"Hongera. Ikama haina nafasi. Nikumbushwe Julai."

Nawajua waliokufa kwa neno hilo.
Nimewapanga mwenyewe, kwa alfabeti.
Wanaomba, wanaambiwa nikumbushwe,
na wa kukumbusha siku zote ni mtu mwingine,
yuko semina, yuko likizo, kahama.

Ila shajara ya kukumbusha
inakaa mezani kwangu, chini ya kikombe.

Julai mosi ilikuwa Jumanne.
Saa moja na nusu, chai haijachemka,
nilibisha hodi.